Kutazama ndege London wakati wa baridi: St James's, Richmond, Walthamstow au Barnes?

Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu akitua London mwezi wa Novemba, wenyeji watamwambia msimu wa kutoka nje umekwisha, asubiri Aprili. Kwa mambo mengi wako sahihi. Kwa ndege, hapana. Miti imepukutisha majani, na kigogota aliyekuwa akisikika tu tangu Mei sasa unamwona mzima kwenye shina tupu. Bata wa Urusi na Skandinavia wameshuka kukimbia barafu ya kwao. Na kwa kuwa mchana ni mfupi na chakula ni kidogo, ndege hawana muda wa kujipumzisha, wanakula kuanzia kunapopambazuka hadi jua linapozama. Kwetu mtazamaji ndege lazima adamke, maana ikifika saa nne jua limewaka na kila mwenye mabawa kajibanza kivulini. Hapa mwezi wa Desemba unakunywa chai yako kwa nafasi, unatoka saa tano, na hujakosa kitu. (Saa zote humu ni za Kiswahili. Ukitazama simu, ongeza sita.)

Bata wana sababu yao ya ziada. Madume hupukutisha manyoya yao mazuri mwishoni mwa kiangazi, wakabaki na rangi ya udongo kama majike, hata mzoefu huwachanganya. Kufikia Novemba wameshavaa upya, kwa sababu uchumba wao hufanyika wakati wa baridi. Anayetaka kujifunza kuwatambua bata aanze Januari, wala asithubutu Agosti.

Sasa, uende wapi? London ina bustani nyingi mno, ila maeneo manne ndiyo yanayotajwa kila mara: St James's Park, iliyo ubavuni mwa Buckingham Palace; Richmond Park, kusini-magharibi; Walthamstow Wetlands, kaskazini-mashariki; na London Wetland Centre, kule Barnes, ng'ambo ya mto kutoka Hammersmith. Matatu ya kwanza ni bure. La nne unakata tiketi, na si ya bei ya chini kwa familia yenye watoto watatu. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Walthamstow, kwa hiyo nikiisifu kupita kiasi, punguza kidogo.

Wa porini au wa kuwekwa?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo wageni wengi hawaulizi. Ukisimama kando ya ziwa la St James's utaona mwari. Ni ndege wale wale weupe wanaojaa Ziwa Nakuru, wamekaa juu ya mwamba katikati ya jiji la Waingereza, nyuma yao zikionekana ofisi za serikali. Hawakuruka kuja. Mwari wa kwanza waliletwa mwaka 1664, zawadi ya balozi wa Urusi kwa Mfalme Charles II, na tangu hapo bustani hiyo haijaacha kuwafuga. Kila siku, kati ya saa nane na nusu na saa tisa mchana, huletewa samaki, na watu hujaa kutazama.

Mwari si tatizo, kila mtu anajua ni wa kufugwa. Tatizo ni bata na bata bukini. St James's ina mkusanyiko wa ndege wa maji kutoka pembe zote za dunia, na wamechanganyika ziwa moja na bata wa porini waliokuja wenyewe kutoka kaskazini. Anayeanza hupiga picha ya bata bukini mwenye shingo nyekundu ya kupendeza, akarudi nyumbani akiamini ameona ndege adimu kutoka Siberia. Kumbe ni mkazi, ana chakula chake. Kanuni yangu ni rahisi: ukiona bata mzuri kupita wenzake, yuko peke yake na haogopi mtu, mshuku. Tazama mguuni kama ana pete, na soma mabango yaliyoko kando ya maji.

Barnes nako wapo wa kufugwa, ila wametengwa vizuri. Upande mmoja una mabanda na uzio, upande mwingine ni maziwa ya wazi wanakotua wa porini. Huwezi kuchanganya, labda ukatae kusoma ramani.

Richmond na Walthamstow kila unayemwona amejileta. Lakini "kujileta" London ni neno pana. Kasuku wa kijani wanaopiga kelele juu ya mialoni ya Richmond asili yao ni Bara Hindi na Afrika. Walitoroka au waliachiwa kutoka mikononi mwa wafugaji, wakazaana, na sasa theluji haiwatishi. Halafu yupo bata bukini wa Misri, ambaye msomaji wa Naivasha atamsalimu kama jirani: yule mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho. Waliletwa Uingereza karne ya 17 kupamba mabwawa ya matajiri. Kalenda ya Waingereza hawaijali, na usishangae kumkuta mama ana vifaranga mwezi wa Januari, huku nyasi zimekauka kwa sakitu. Wengi wa vifaranga hao hawafiki mbali.

Maji ya Walthamstow, nyasi za Richmond

Walthamstow ni mabwawa 10 ya kuhifadhi maji ya kunywa ya jiji, yaliyochimbwa kuanzia karne ya 19, hekta 211 kwa jumla. Kwa miaka mingi ilikuwa lazima uwe na kibali kuingia. Oktoba 2017 milango ilifunguliwa kwa kila mtu. Usitarajie maua. Ni kingo za udongo zilizoinuka, njia za changarawe, nguzo za umeme na treni zinazopita. Lakini majini!

Utakutana kwanza na bata mweusi mwenye ubavu mweupe, jicho la njano na kishungi kinachoning'inia kisogoni. Waingereza humwita tufted duck. Huzama, unahesabu, anaibukia kwingine kabisa. Ukimzoea huyo umepata kipimo cha kuwapimia wengine. Pochard ana kichwa cha rangi ya kutu, kifua cheusi na mgongo wa kijivu, na ukihesabu vizuri utagundua madume ni wengi kuliko majike, kwa sababu majike wengi huteremka zaidi kusini. Gadwall kwa mbali ni bata wa kijivu asiye na maana. Mlete karibu kwa darubini uone manyoya yalivyotariziwa mstari kwa mstari.

Ninayempenda zaidi ni shoveler, bata mwenye mdomo mpana kama mwiko wa kusongea ugali. Huyu hula kwa kuchuja maji, na wakiwa kundi hufanya jambo la kuchekesha: huzunguka duara, kila mmoja kichwa chini nyuma ya mkia wa mwenzake, ili miguu yao ikoroge maji na kuinua vidudu juu. Kundi zima linazunguka polepole, dakika nenda dakika rudi, hakuna anayeinua kichwa. Miezi hiyo hiyo, ndugu zao waliosafiri mbali zaidi wanafanya vilevile Naivasha na Nakuru.

Visiwa vya upande wa kusini vina miti iliyojaa mnandi na kulastara, yule ndege mrefu wa kijivu ambaye wengi wetu humwita korongo. Kulastara huanza shughuli za viota mapema sana, Februari tayari wanabeba vijiti, na kwa kuwa miti haina majani unaona kila ugomvi wa ndoa. Tazama pia juu ya nguzo za umeme, kozi hupenda kukaa pale akiwachungulia njiwa.

Kuna siku moja ambayo Walthamstow hushinda kila mahali: siku ya tatu au ya nne ya baridi kali, wakati vidimbwi vya bustani ndogo vimeganda. Mabwawa haya ni makubwa na yana kina, huchelewa kuganda, na ndege wote waliofukuzwa na barafu hukimbilia huko. Hapo ndipo utabahatika na goldeneye, bata mweupe mwenye kichwa cheusi chenye mng'ao wa kijani na doa jeupe shavuni, au goosander mwenye mdomo mwembamba wa kushikia samaki.

Richmond ni dunia nyingine. Hekta 955, ilizungushiwa ukuta na Mfalme Charles I mwaka 1637 ili awinde paa, na paa hao bado wapo, zaidi ya 600. Kuna mialoni ya karne nyingi, iliyotoboka mashimo, na ndani ya mashimo hayo wanakaa bundi, kunguru wadogo wa kijivu shingoni, na hao kasuku. Kigogota wa kijani hushuka chini kabisa kuchimbua sisimizi kwenye nyasi, na akiruka anapiga sauti inayofanana na kicheko. Kwenye vichaka vikavu vilivyobaki kahawia utamwona stonechat, kidege kifupi cha kifua cha rangi ya machungwa kinachosimama juu kabisa ya kijiti, kikishuka, kikirudi.

Wageni wa baridi wa Richmond si bata, ni redwing na fieldfare. Redwing ana mstari wa krimu juu ya jicho na wekundu chini ya bawa. Fieldfare ni mkubwa zaidi, kichwa cha kijivu. Huja kutoka kaskazini kuanzia Oktoba, usiku, na ukiwa na dirisha wazi London usiku tulivu wa Oktoba utasikia mlio mwembamba, "tsiii", ukipita juu ya paa za nyumba. Ndio hao. Hufuata matunda mekundu ya vichakani, yakiisha huhamia kwenye nyasi kutafuta minyoo.

Kasoro ya Richmond ni umbali. Ndege wa huko hawakusubiri. Unatembea nusu saa huoni kitu, kisha ndani ya dakika tano unaona vitu sita, kisha nusu saa nyingine kimya. Mwenye subira atafurahi. Anayetoka mara ya kwanza, na vidole vimeganda, atarudi akisema kutazama ndege ni kazi ya wastaafu. Ukihitaji faraja ya haraka nenda Pen Ponds, madimbwi mawili ya katikati, au Isabella Plantation kumtafuta bata wa mandarin, ambaye rangi zake zitakufanya udhani mtoto kampaka.

Na St James's? Nimeisema vibaya, sasa niitetee. Hakuna mahali London unapomwona ndege karibu kiasi kile. Shakwe wanasimama kwenye uzio, mkono wako na wao kama futi tatu. Hapo ndipo mahali pa kujifunza kwamba yule Waingereza wanayemwita "shakwe mwenye kichwa cheusi" wakati wa baridi hana kichwa cheusi hata kidogo, ana doa dogo tu nyuma ya jicho. Weusi hurudi kuelekea masika. Robin atakuja karibu na kiatu chako. Huyo ni mmoja wa ndege wachache utakaowasikia wakiimba karibu kila siku ya baridi, hata usiku chini ya taa za barabarani, na majike huimba sawa na madume kwa sababu kila mmoja analinda eneo lake peke yake. Kwa mtu asiye na darubini, mwenye simu tu, St James's inatoa picha ambazo Walthamstow haitoi.

Barnes ina ndege mmoja ambaye maeneo mengine matatu hayawezi kukuahidi: bittern, ndege wa jamii ya kulastara, rangi ya mianzi mikavu, anayesimama ndani ya matete mdomo juu hadi usimtofautishe. Huja baadhi ya miaka kukaa majira ya baridi. Hata Barnes ahadi hiyo haina risiti. Uliza mlangoni kama ameonekana wiki hiyo kabla hujatoa pesa.

Mchana mfupi

Tarehe 21 Desemba jua la London linachomoza kama saa mbili na kuzama kabla ya saa kumi. Chini ya saa nane za mwanga, na ikiwa na mawingu, saa tisa tayari huoni rangi ya manyoya. Kwa hiyo nauli na safari vina uzito kuliko wakati wa kiangazi.

St James's unaweza kwenda saa ya chakula cha mchana kama kazi yako iko katikati ya jiji. Kituo cha treni kina jina hilo hilo, dakika chache uko majini. Walthamstow unashuka Tottenham Hale kwa laini ya Victoria, unatembea hadi lango la Forest Road, na nusu siku inatosha. Angalia tu saa za kufunga, wakati wa baridi wanafunga mapema. Mbwa haruhusiwi, jambo ambalo ndege wanalishukuru. Richmond unashuka kituo cha Richmond, unapanda basi 371 kuelekea mlimani, na hapo ndipo safari inaanza. Panga siku nzima. Novemba na Februari mageti ya miguu hufungwa usiku kwa sababu ya kupunguza idadi ya paa, na wakati wowote ule kaa mita 50 mbali nao. Barnes ina usumbufu wake: Daraja la Hammersmith limefungwa kwa magari tangu 2019, kwa hiyo ukitokea kituo cha Hammersmith unavuka kwa miguu, kisha unatembea au unachukua basi upande wa pili.

Baridi yenyewe

Joto la nyuzi 4 St James's si sawa na nyuzi 4 Walthamstow. Kule kingo ziko juu na hakuna mti wa kukukinga. Bwawa la Lockwood, kaskazini ya Forest Road, siku ya upepo hutoa machozi. Dawa ni kuanzia upande wa kusini wenye visiwa, na kumaliza kwenye kafe iliyo ndani ya jengo la zamani la mashine za maji. Richmond shida ni tope, viatu vya kanvasi viache nyumbani. Barnes inashinda hapa bila ubishi. Kuna vibanda vya kutazamia vyenye madirisha na viti, na mnara wa ghorofa wenye lifti, kwa hiyo bibi aliyekuja kutembelea wajukuu, au mtu wa kiti cha magurudumu, anaona sawa na wengine. Na watoto wana mahali pa kurukia wakishachoka na ndege, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kama dakika ishirini.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Darubini ya 8x, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Ya 10x huvuta karibu lakini mkono unaotetemeka kwa baridi huifanya picha icheze. Ya mtumba nzuri ni bora kuliko mpya ya bei ya chini. Vaa glavu nyembamba ndani ya nene. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, husikiliza sauti na kukutajia ndege, na ukishapakua orodha ya nchi haihitaji intaneti. Inakosea mara moja moja, hasa kandokando ya barabara. Mkate acha, hauwafai.

Nani aende wapi

Hujawahi kutazama ndege, huna darubini, una saa moja: St James's, ufike kabla ya saa nane na nusu umwone mwari akila. Una wazazi wazee au watoto wadogo na tiketi haikuumizi: Barnes. Unapenda kutembea kuliko kutazama, au mwenzako hapendi ndege lakini anapenda mandhari: Richmond, na mpitishe King Henry's Mound, kutoka hapo siku ya anga safi unaona kuba la St Paul's umbali wa kilomita 16. Unataka kujifunza ndege hasa, kujua huyu ni nani na kwa nini yuko hapa Januari: Walthamstow, na urudi tena baada ya wiki mbili, kwa sababu wanaobadilika ni wao.

Usiende popote kati ya hizo kumtafuta kekeo, wala mbayuwayu. Watafiti wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vya setilaiti tangu 2011, na Januari huwakuta kwenye misitu ya bonde la Kongo. Jamaa wa Kisangani wako karibu nao kuliko sisi.

Kama zote nne ziko mbali nawe, chukua bustani ya mtaani kwako yenye kidimbwi, na mwishoni mwa wiki ya mwisho ya Januari ushiriki hesabu ya ndege ya RSPB, shirika la Uingereza la kuhifadhi ndege, inayofanyika tangu 1979. Ingawa inaitwa ya bustani za nyumbani, inaruhusiwa kuhesabia bustani ya umma. Unakaa saa moja, unaandika idadi kubwa zaidi ya kila aina uliyoiona kwa wakati mmoja, ili robin yule yule akirudi mara tano asigeuke watano. Wanaopita angani bila kutua hawahesabiwi.